Naomba ushauri: mosi (mmea mdogo usio na maua) ya manjano ya Lapland, nichukue sampuli au niiache?

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Lapland, kaskazini mwa Ufini, na juzi, katika kinamasi kilicho mbali na barabara, nilikuta mosi hiyo, kwa jina la kisayansi Splachnum luteum, imeota juu ya kinyesi cha zamani cha hirvi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Vikonyo vyake vyekundu, vyembamba kama uzi, vimebeba vimiavuli vya manjano ambavyo kwa rangi na harufu huwavuta nzi, nao huvipeleka vijimbegu kwenye kinyesi kibichi. Je, picha za karibu zinatosha kuitambua kwa uhakika, au wenye ujuzi wa mimea mnashauri nichukue walau kikonyo kimoja? Nasita sana kuigusa, kwa kuwa makazi yake yote ni kile kinyesi kimoja.