Naomba ushauri: nani anakagua paa kitaalamu hapa Dar kabla ya masika?

Mama Wawili
Wakuu, habari za mchana. Mwenzenu nimekwama. Nyumba yetu iko Goba, tulihamia mwaka 2021. Baada tu ya mwaka mpya dari la chumba cha watoto lilitoa doa la maji, dogo kama kisahani cha chai. Sasa limekuwa sinia, na jipsam imeanza kulegea katikati. Natafuta mtu wa kukagua paa, na simtaki fundi wa kuokota kijiweni. Namtaka mwenye taaluma yake na mhuri, apande, aangalie, aniandikie ripoti. Wapo hapa mjini? Wanatoza kiasi gani? Masika inakuja na usingizi sina, kila nikifumba macho nasikia tone.

Chuma cha Pua
Picha kwanza.

Mzee wa Kilwa
Pole mwanangu. Mimi niko Kilwa Masoko. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, bati zangu tatu za upande wa bahari ziling'oka kama karatasi za daftari. Asubuhi nikaziokota kwa jirani, nikatazama matundu ya misumari, nikaona uchafu alioufanya fundi: msumari mmoja hapa, mwingine hatua mbili mbele, nusu yake haina mpira. Nililala miaka sita chini ya paa lililoshikwa na bahati. Tangu siku hiyo nina ngazi yangu. Mwezi wa pili napanda, mwezi wa tisa napanda, nagonga iliyoinuka na kubadili iliyokauka mpira. Hakuna haja ya mhuri, nunua ngazi.

Fundi Msumeno
Dada, nimepaua miaka 19, naomba nikuulize kabla sijajibu. Bati geji ngapi, yaani unene wake? Doa liko karibu na ukuta wa nje au katikati ya chumba? Na paa ni la aina gani?

Mama Wawili
Asante fundi. Geji 30. Doa liko katikati. Paa ni la kawaida.

Fundi Msumeno
La kawaida maana yake nini? Nikisimama barabarani naliona?

Mama Wawili
Hapana, halionekani. Ni zile za kisasa, ukuta umepandishwa juu ukaficha bati.

Chuma cha Pua
Kontemporari! Ungesema mapema tungekuletea mtumbwi na kasia. 😂

Binti Muscat
Msimcheke mwenzenu. Huku Oman nyumba karibu zote juu ni zege bapa na ukuta kuzunguka, na mvua ni ya kuhesabu kwa mwaka. Shida huja siku inaponyesha kweli. Mwaka 2021, kimbunga Shaheen, nyumba ninayofanya kazi maji yalisimama juu mpaka kwenye vifundo vya miguu kwa sababu tundu la kutolea maji lilizibwa na mfuko mmoja wa mkate. Mfuko mmoja tu! Nilipanda na baba mwenye nyumba tukautoa kwa mkono, maji yakashuka kwa kishindo. Dada angalia matundu yako.

Fundi Msumeno
Binti Muscat amegusa penyewe. Paa la kuficha lina sehemu tatu ambazo mkaguzi lazima apige magoti. Ya kwanza ni mfereji wa ndani, ule ulio kati ya bati na ukuta. Wengi wanautengeneza mwembamba, unatoka kwa bomba moja tu, na hakuna tundu la akiba ukutani la kutolea maji bomba likiziba. Majani ya mwembe yanatosha kuugeuza bwawa. Ya pili ni pale bati linapokutana na ukuta. Lile bati la kukunja linatakiwa kuingizwa ndani ya ukuta kwa kuchimba mstari, ndipo likazibwa. Fundi mvivu analiegesha, anapaka saruji juu. Jua la Dar likipiga miezi sita saruji inapasuka, na bati linatanuka mchana na kujikunyata usiku, nyufa zinaongezeka. Ya tatu ni mwinamo. Ukuta ukiwa mfupi, fundi analaza bati ili lisionekane, maji yanakwenda taratibu na kurudi chini ya maungio.

Baada ya juu, anashuka ndani ya dari saa sita mchana, taa zimezimwa. Penye tundu jua litamwonyesha. Anatazama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kama zimepinda, mbao kama zilitiwa dawa, mchwa, na njia ya maji kwenye papi, zile mbao nyembamba. Maji yanaweza kuingia ukutani, yakatembea juu ya papi mita tatu, yakadondoka katikati ya chumba. Akishindwa kuona, anachukua mpira wa maji, anamwagia kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja moja, mwenzake yuko ndani na tochi. Asiyefanya hayo hajakagua, ametembea juu ya bati lako.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma kwa uchungu. Wazee wetu wa Pwani walisimamisha makuti kwa mwinamo mkali kwa sababu waliijua masika. Kuti lililowekwa vizuri haliruhusu tone. Leo tunachukua sura ya nyumba za jangwani, tunaziweka Goba, halafu tunashangaa. Nyumba ijengwe kwa mvua ya mahali pake.

Chuma cha Pua
Mwalimu, makuti Goba, na majirani wachoma takataka? Utalala kituo cha zimamoto.

Karani wa Ilala
Narudi kwenye swali. Unachotafuta ni mhandisi majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Muombe namba yake ya usajili uihakikishe kwa Bodi kabla hujatoa senti. Mimi nilimlipa wangu laki mbili na nusu kwa nyumba ya vyumba vitatu, Tabata, akaja na msaidizi na ngazi yao. Bei inategemea umbali na ukubwa. Ila nisaidie jambo moja: ripoti yenye mhuri unampelekea nani? Benki? Bima? Maana mtu akitaka tu kuziba tundu haulizi mhuri.

Mama Wawili
Ni kwa ajili ya kumbukumbu zetu tu.

Karani wa Ilala
Dada.

Mama Wawili
Sawa. Nasema, naomba msinihukumu. Mume wangu yuko nje ya nchi kikazi. Nimeshaongea na fundi mwingine, ameniambia paa lote libomolewe, kuta zishushwe, tupaue upya kwa mwinamo mkali na bati geji 28. Nimemtanguliza milioni mbili na laki nane, hela ya mchezo wangu. Iliyobaki lazima aitume baba watoto, naye ni mtu wa karatasi, hawezi kutuma bila kuona maandishi ya mtaalamu. Ndiyo maana nataka ripoti. Na sioni kosa langu. Paa linavuja, watoto wanalala chini yake, fundi yupo, bati geji 28 ni nene kuliko 30, kila mtu anajua. Ningekaa nisubiri mpaka dari liwaangukie?

Karani wa Ilala
Kwa hiyo unatafuta mtu wa kutia sahihi kwenye jibu ambalo tayari unalo.

Mama Wawili
Natafuta mtu wa kuthibitisha. Ni tofauti.

Dada Mkubwa Moshi
Tuache paa kidogo. Milioni mbili na laki nane mwenzio hajui? Mimi ndoa yangu ilitetereka kwa kisima. Nilichimbisha bila kumwambia, tukapata maji ya chumvi, na aliponiuliza fedha imekwenda wapi sikuwa na pa kuanzia. Hakukasirikia hela, alikasirika kwamba alikuwa wa mwisho kujua. Mpigie mumeo leo.

Mzee wa Kilwa
Huyo fundi aliyesema bomoa alipanda juu?

Mama Wawili
Alitazama kutoka nje. Alisema anazijua nyumba hizi.

Kiroboto
Wakuu, mnapoteza vocha. Hii ni chai, tena ina tangawizi. Mimi naishi Madale, kutoka hapa mpaka Goba ni pua na mdomo. Doa limeanza "baada ya mwaka mpya"? Tangu Krismasi mpaka leo huku vumbi tupu, tunamwagia maji barabara. Paa gani linavuja jua? Halafu angalia alivyoanza: mhuri, ripoti, bei. Kesho itakuja akaunti nyingine, "mimi nilikaguliwa na kampuni fulani, wako vizuri". Tangazo hilo.

Chuma cha Pua
Nilisema picha kwanza.

Binti Muscat
Mmh. Hapo Kiroboto ana hoja. Januari Dar kweli jua.

Mama Wawili
Naumia kusikia hivyo. Sina kampuni, nina watoto wawili na dari bovu. Sijui mvua ilikuwa wapi, najua naamka nakuta shuka la mwanangu limelowa. Si kila siku. Mara mbili za mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita na Jumatano asubuhi. Anayetaka kuamini aamini.

Fundi Msumeno
Tulieni wote. Kiroboto amemshuku dada wa watu, lakini ameuliza swali ambalo mimi mwenye miaka 19 kazini lilinipita, nikaandika somo refu la mvua. Hakuna mvua na dari linalowa? Basi hayo hayatoki mawinguni. Dada, juu ya chumba cha watoto kuna nini?

Fundi Msumeno
Dada, upo?

Fundi Msumeno
Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua kama watoto wako salama.

Mama Wawili
Nipo. Kuna tanki.

Lita 2,000. Liko kwenye jukwaa la mbao nyuma ya ukuta, juu ya kenchi. Shemeji yangu ndiye aliyeliweka. Alitaka ajenge mnara wa nondo uani, mimi nikakataa, nilisema unaharibu sura ya nyumba. Mume wangu anadhani liko uani. Sikulisema kwa sababu nilijua mtaacha paa mnishambulie mimi.

Karani wa Ilala
Lita 2,000 za maji ni tani mbili, bado tanki lenyewe.

Fundi Msumeno
Tani mbili juu ya kenchi zilizopigwa kubeba bati na jipsam. Dada, sikushambulii. Nijibu: maji ya bomba kwenu yanakuja siku zipi?

Mama Wawili
Ya mgao. Jumanne usiku na Ijumaa usiku.

Kiroboto
Na dari linalowa Jumatano na Jumamosi asubuhi. Lo!

Fundi Msumeno
Ndiyo hiyo. Maji yanaingia kwa nguvu usiku mmelala, boya la tanki, lile la kukata maji tanki likijaa, halifungi, yanafurika yanamwagika ndani ya dari. Au jukwaa limeinama, tanki limelalia upande mmoja na bomba limechomoka kidogo. Leo ni Ijumaa. Funga koki ya kuingiza maji kabla ya usiku, fungua bomba za ndani tanki lipungue mpaka liishe, jaza ndoo na madumu yote uliyonayo. Chumba hicho asilale mtu. Usimpandishe mtoto wala kijana wa kazi kwenda kuchungulia. Na yule wa milioni mbili na laki nane mwambie asimame hapo alipo.

Dada Mkubwa Moshi
Na mumeo.

Mama Wawili
Nimewasikia.

Mama Wawili
Wakuu, leo Jumamosi. Nilifunga koki jana saa kumi na mbili, tanki nikalimaliza. Usiku maji yalikuja kama kawaida, niliyasikia kwa jirani. Asubuhi dari ni lile lile, halikuongezeka, na shuka nililotandika makusudi kitandani limebaki kavu. Shemeji amekuja na ngazi, amechungulia kwa tundu la dari: boya limekatika mkono wake, na kenchi mbili chini ya jukwaa zimekalia chini, anasema vidole viwili kutoka kwenye mstari wa wenzake. Hajanilaumu, alinyamaza tu, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Baba watoto nimempigia alfajiri. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza watoto wamelala wapi. Amesema mhandisi aje, akague kila kitu, bati, mfereji, kenchi, na aandike atakachokiona. Yule fundi wa kubomoa anasema hela ameshanunulia mbao, atarudisha nusu. Hilo najua ni langu.

Kiroboto
Dada, nisamehe kwa la chai. Nina nondo nne zilibaki kwenye ujenzi wangu, zikifaa kwenye mnara wa tanki njoo uchukue, ni hapa Madale.

Fundi Msumeno
Mhandisi akifika, mwonyeshe zile kenchi mbili kwanza, atakwambia kama zinaongezewa mbao au zinatolewa. Mfereji na maungio ya ukuta navyo aviangalie, masika ikianza hutapata tena siku kavu ya kupanda. Mpaka aje, msitembee chini ya jukwaa lile.

Mama Wawili
Anakuja Jumatatu saa tatu asubuhi, namba yake Karani amenisaidia kuihakikisha. Mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo. Watoto wametandika magodoro sebuleni, wanasema ni kama sikukuu.