Tupeane uzoefu: chuo cha kusomea uhandisi ulikichaguaje?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza uhandisi wa mitambo, na kila msimu wa maombi wadogo zangu wananiuliza chuo kipi kizuri. Naanza na yangu, nanyi mwageni yenu.

Nilifuata jina. Nilijaza fomu bila kukanyaga karakana yao. Mwaka wa pili ndipo tukaingizwa humo: mashine za kukereza chuma tano, inayozunguka moja, na sisi tulikuwa hamsini na kitu. Walio nyuma walipanda viti ili waone. Muhula mzima nilishika mpini mara moja, nikakata chuma kisichozidi urefu wa kidole. Nilipokwenda kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, fundi asiye na cheti chochote ndiye aliyenifundisha kusoma kalipa vernia, kile kifaa cha kupimia unene wa vipande. Alinielekeza taratibu, bila kunidharau, lakini iliniuma sana.

—

Mkuu, pole. Mimi ni wa ujenzi, na nilinusurika kwa ushauri wa kaka yangu: "Ukienda kutembelea, omba uone maabara ya zege." Chuo cha kwanza, mashine ya kuvunjia zege imefunikwa turubai, juu yake wamerundika makaratasi ya mitihani. Cha pili, jina dogo kabisa, nikakuta tangi la maji limejaa michemraba ya zege ya sentimita 15, kila mmoja umeandikwa tarehe na kundi la wanafunzi, inasubiri siku ya 7 na ya 28 ivunjwe kupimwa nguvu. Nikajua hapa watu wanafanya kazi. Nilijiunga palepale na sijajuta.

—

Karakana sawa, ila jamani ulizeni ITHIBATI, yaani kozi kutambuliwa rasmi na bodi husika. Chuo changu kilisajiliwa kihalali, lakini kozi yangu ya umeme haikuwa imetambuliwa na bodi ya wahandisi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mimi nilidhani ni kimoja. Nilipoomba kusajiliwa kama mhandisi nikarudishwa nikaongeze masomo. Miaka miwili ikapotea hivyo.

Anayewaza kufanya kazi nje ya nchi aangalie pia kama bodi ya nchi anakosomea imo kwenye Mkataba wa Washington wa mwaka 1989. Wanachama wake hutambuana shahada za uhandisi zilizopewa ithibati. Mkataba haukupi leseni ya kufanya kazi, huo ni mchakato mwingine kila nchi, lakini shahada yako haianzi kuhojiwa upya. Na ithibati hutolewa kwa kozi moja moja: mitambo inaweza kuwa nayo, umeme wa chuo hichohicho isiwe nayo.

—

Kwa asiyejua bado achukue tawi gani: tafuta chuo ambacho mwaka wa kwanza ni wa pamoja. Niliingia nikitaka kompyuta, nikatoka na mitambo, kisa somo la joto na nishati. Pia msiishie ofisi ya udahili, waulizeni wanafunzi wa mwaka wa mwisho nani anawatafutia nafasi za mafunzo viwandani, chuo au wao wenyewe.

—

Mleta mada tena. Asanteni sana, hili la ithibati kwa kila kozi sikulijua. Wa kemikali hamjasema kitu, na mdogo wangu anataka huko. Akienda kutembelea chuo, aombe kuonyeshwa nini?