Mrejesho: zile klipsi za plastiki chini ya bampa zimetoka

Bandugu asanteni, si nilikuwa nimeuliza namna ya kutoa klipsi za kava ya chini ya bampa ya gari bila kuzivunja, basi zimetoka. Aliyesema nioshe kwanza alisema kweli kabisa, vumbi ya volkano ya hapa Goma ilikuwa imejaa kwenye kipini cha katikati ya klipsi, kile kinachoifunga, kikakwama kama simenti. Nikamwagia maji ya moto na sabuni, plastiki ikalainika, nikainua kipini na turnevisi (bisibisi) ndogo bapa, kikishasimama ndio unavuta klipsi nzima. Zilizovunjika ni zile zilikuwa zimezeeka, nitanunua zingine tu. Ila za karibu na tairi ni aina ingine, hizo unasukuma katikati iingie kidogo, mafundi wengi wanang'ang'ana kuvuta bure.