Mjadala: Je, ni haki masasisho yajisakinishe yenyewe kwenye mashine ya kuchapia?

Mwanzisha mada:
Jana jioni kompyuta ilijisasishia vifurushi vya programu kama kawaida yake. Leo asubuhi nimetuma barua ya kurasa mbili, printa ikatema karatasi kumi na nne zilizojaa alama zisizosomeka, huku foleni ya uchapaji ikiniarifu kwamba kazi imekamilika. Sikugusa waya, wino wala mipangilio. Je, ni haki?

Mchangiaji wa 2:
Ni haki, tena ni lazima. Udhaifu wa PrintNightmare ulipofichuka mwaka 2021 katika huduma ya uchapaji ya Windows, aliyechelewa kusasisha alikuwa hatarini kutawaliwa mashine yake na mtu aliye mbali. Kuhusu karatasi kumi na nne, asiyesoma maelezo ya toleo asilalamike, kwani mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mchangiaji wa 3:
Ndugu, methali hiyo imeniuma, kwa sababu mimi husoma. Nilisoma kwamba draiva (programu za kuiendesha printa) za PPD zinaelekea kuondolewa, lakini hakuna mstari hata mmoja ulioniambia kama printa yangu imo. Karani anayechapa barua kutwa nzima atajuaje kwamba PPD ni faili linaloieleza printa kwa kompyuta? Na hao Microsoft, wenye Windows, unaowasifu, Agosti mwaka huohuo walitoa sasisho la kudhibiti usakinishaji wa draiva, na baadhi ya watu wakawa wanadaiwa nywila ya msimamizi kila walipotaka kuchapa.

Mchangiaji wa 2:
Karani umemleta wewe, mimi sikumtaja.

Mchangiaji wa 4:
Tuwaheshimu pia wanaojitolea kuandika programu hizi. Hata CUPS, mfumo wa uchapaji unaotumika kwenye Linux na Mac, kama sikosei, ilianzishwa na Apple, wakaigawa bure.

Mchangiaji wa 3:
Unakosea. CUPS ni kazi ya Michael Sweet, na Apple waliununua msimbo wake mwaka 2007. Kujitolea ninakuheshimu kwa dhati, ila heshima hiyo hainizuii kusema kwamba programu inayotangaza "imekamilika" juu ya karatasi chafu inamdanganya mtumiaji.

Mchangiaji wa 4:
Asante kwa kunisahihisha, lakini kuiita uongo ni kuwaonea. Kompyuta ilikabidhi data, nayo printa ikaipokea. Haikuwa na njia ya kujua kwamba lugha ya data hiyo printa haiielewi.

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, nimerudisha toleo la awali la kifurushi cha vichujio, yaani programu zinazoigeuza hati iwe lugha ya printa, kisha nikakizuia kisisasishwe tena. Barua imetoka safi, kurasa mbili. Kinachonisumbua ni kwamba kizuizi hicho kitazuia hata kiraka cha usalama kikija kesho, na hakuna popote nitakapoarifiwa kwamba draiva imerekebishwa ili nikiondoe.