Naomba ushauri: nimebatizwa utotoni, sasa nataka kuitikia wito mwenyewe

Ndugu zangu, kwa heshima naomba ushauri wenu. Nimezaliwa na kukulia Unguja katika familia ya Kianglikana, nikabatizwa nikiwa mchanga, lakini sikupata kipaimara (ibada ya mtu kuthibitisha mwenyewe imani aliyobatiziwa), na kwa miaka mingi kanisani nimekuwa mtu wa Krismasi na misiba tu. Mwaka huu nilihudhuria mkesha wa Pasaka katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873. Taa zilipozimwa na moto wa mshumaa mkubwa ukapokezanwa kutoka mkono hadi mkono, wangu ulizimika mara mbili kwa upepo wa feni, na bibi mmoja aliyekaa kando yangu akauwasha tena bila kusema neno, nta ikimdondokea kwenye kanga. Tangu usiku ule maneno ya Yohana 8:12, kwamba amfuataye Yesu hatakwenda gizani kamwe, hayanitoki moyoni.

Tatizo langu ni hili: rafiki yangu mlokole anasisitiza kwamba nisipobatizwa upya kwa kuzamishwa sijaokoka, ilhali Imani ya Nikea, tunayoikiri kila Jumapili (wanaohudhuria, si mimi), inataja ubatizo mmoja. Je, nijiandikishe mafundisho ya kipaimara pamoja na watoto wa miaka 13, jambo ambalo nakiri linanitia haya, au nianze kwa kuungama mbele ya padri? Waliorudi ukubwani walianzia wapi?