Ushauri: mtoto wa kiume kuitwa Oisín, nyumbani Marangu watanielewa?

Baba_Mpya: Wakuu, salaam. Niko Galway, Ayalandi. Mwenzangu ni mwenyeji wa huku na Mungu katujalia mtoto wa kiume. Anataka tumwite Oisín. Msilisome lilivyoandikwa, hutamkwa Oshiin. Sheria ya hapa inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi mitatu, na siku zinakimbia. Mimi ni mtu wa Marangu, wazee wangu wana misimamo. Je, jina hili lina maana mbaya? Limezoeleka au namtwika mwanangu mzigo? Matusi hapana.

Kamusi_Hai: Jina safi. Kwa Kiayalandi "os" ni ayala, mnyama kama swala, na hiyo "-ín" ya mwisho ni ya kudogosha. Yaani kijiayala. Katika hadithi zao, Oisín ni mshairi na shujaa, mwana wa Fionn mac Cumhaill, kiongozi wa jeshi la Fianna. Mama yake, Sadhbh, aligeuzwa ayala kwa uchawi. Alipokuwa kijana akaja mrembo Niamh juu ya farasi mweupe, akamchukua hadi Tír na nÓg, nchi ambako watu hawazeeki. Akadhani amekaa miaka 3, kumbe kwao imepita 300. Akarudi kutazama nduguze, akaonywa asishuke farasi. Akainama kuwasaidia watu kusukuma jiwe, mkanda wa tandiko ukakatika, akagusa ardhi, uzee wote ukamwangukia papo hapo.

Dokta_Mbuzi: Kwa hiyo dogo ni swala. Akija likizo msimpitishe Manyara, watalii watampiga picha.

Mama_Kanisa: Msicheke, Zaburi ya 42 inaanza na ayala anayetamani mito ya maji. Ila swali langu: mmembatiza? Mpeni jina la mtakatifu. Patrick lipo, na ni la huko huko.

Otieno_wa_Lodwar: Mimi nimelelewa Turkana na mapadri wa Kiltegan, wamisionari kutoka Ayalandi. Darasa letu lilijaa Brendan na Kevin, hakuna mzee aliyeuliza maana yake. Kevin ni mtakatifu wa Glendalough. Brian ni yule mfalme wao Brian Boru aliyeuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014. Hata huyo Patrick wa Mama Kanisa jina lake ni la Kilatini. Majina ya Waayalandi tunayo siku nyingi, ndugu. Padri mmoja alikuwa akitufundisha mpira na kanzu yake, akiteleza tunajificha tucheke, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Shangazi_wa_Kilema: Kijana, mbona unazunguka? Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Hilo umeliruka. Jina la baba yako lina kasoro gani?

Baba_Mpya: Halina kasoro, shangazi, ila haliendani na mazingira. Oisín kwa miaka ya karibuni limo ndani ya majina 20 ya juu ya wavulana hapa. Jack ndilo limekuwa likiongoza karibu kila mwaka tangu 2007, sasa nisije nikampa jina ambalo nusu ya darasa wataitika. Halafu Waayalandi nao zamani walikuwa na desturi hiyo hiyo ya babu mzaa baba. Wengi wameiacha na maisha yanaenda.

Shangazi_wa_Kilema: Nimeuliza habari za baba yako, unanipa za akina Jack. Hilo jina lina mwenyewe tayari?

Baba_Mpya: Lina mwenyewe. Nina kijana Moshi, yuko darasa la tano, ndiye mwenye jina la babu. Mimi na mama yake hatujaachana rasmi lakini mambo yaliisha kitambo. Huyu wa huku anajua nina mtoto. Nyumbani ndio hawajui habari za huyu wa pili. Nilitaka walizoee jina kwanza.

Dokta_Mbuzi: Walizoee jina la mtu wasiyejua kama amezaliwa 😂

Fundi_Bomba: Wanaume wa ughaibuni ndivyo mlivyo. Kaka yangu alikwenda Muscat akiaga anakwenda mwaka mmoja. Simu zikawa za sikukuu tu, mwisho tukamwona kwenye picha ya harusi. Mama hakulala. Tuma hela ya shule ya huyo wa Moshi, majina baadaye.

Baba_Mpya: Hela natuma. Msinihukumu bila kujua.

Shangazi_wa_Kilema: Hadithi aliyoileta Kamusi inakusema wewe, siyo mtoto. Umepanda farasi wa Niamh, unaogopa kushuka.

Mpelelezi_Mstaafu: Wakuu, hii ni chai. Nimefukua nyuzi zake. Mwaka jana alikuwa anatafuta chumba Sharjah na akaandika kabisa "sina mke wala mtoto". Anatupiga kamba.

Baba_Mpya: Nilikuwa Sharjah kabla ya kuja huku. Mwenye chumba alikuwa hataki watu wenye familia, nifanyeje?

Kamusi_Hai: Kwa kamba, jina limepata mwenyewe. Miaka ya 1760 Mskoti James Macpherson alichapisha mashairi akidai ameyatafsiri kutoka kwa mshairi wa kale Ossian, ndiye huyu huyu Oisín. Mwandishi wa Kiingereza Samuel Johnson akasema wazi kwamba ni uzushi. Kweli kulikuwa na vipande vya nyimbo za zamani, mengine mengi kayatunga mwenyewe. Ulaya ikayapenda hivyo hivyo, Napoleon mmojawapo. Oscar katika hadithi ni mwana wa Oisín, na mtoto wa ubatizo wa Napoleon akapewa jina hilo, baadaye akawa Mfalme Oscar wa Kwanza wa Uswidi. Akina Oscar wa humu, babu yenu ndiye huyo.

Oscar_Mbeya: Mimi nilipewa jina la mwenye lori aliyempeleka mama hospitali. Msinitafutie ukoo.

Mama_Kanisa: Chai au si chai, mama wa Moshi aambiwe kabla jina halijaandikwa popote.

Baba_Mpya: Tumeshasajili Jumatatu.

Dokta_Mbuzi: Sasa ulikuja kuomba ushauri wa nini?

Fundi_Bomba: Achana nao, mkuu. Huko Galway kazi za kuchomelea zipo? Nicheki pembeni.