Mliocheka Bi Mkubwa alipomuulizia mwanawe, uzi huu ni wenu

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nina siku nne sijalala vizuri, leo nimeona niandike. Waliokuwepo Jumamosi usiku wanajua nazungumzia onyesho gani. Jina la ukumbi silitaji kwa sababu sina ugomvi na ukumbi. Ugomvi wangu ni na nyinyi mliokaa mle ndani, hasa safu za nyuma upande wa kulia, na yule aliyeinua simu.

Filamu yetu ni ya dakika 74. Kwenye dakika ya 51 chombo kinaingia pwani kutoka dago, kambi ya wavuvi. Wavuvi wanateremka mmoja mmoja, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Bi Mkubwa kasimama mchangani, kanga imerowa mpaka magotini, kabeba kikapu cha mwani. Anawahesabu kwa macho. Akishamaliza anakwenda mpaka kwenye chombo, anaweka mkono ubavuni pake, anasema: "Kyombo ni hiki. Mwanangu yu wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kama angecheka mtoto mmoja ningenyamaza. Walicheka watu wazima, wanaume na ndevu zao, akina dada waliovaa wakapendeza. Mtu akapaza sauti, "Kyombo!", na wengine wakamwitikia, "Kyombo!" Baada ya hapo kila Bi Mkubwa akifungua mdomo watu wanajiandaa kucheka. Na kwenye khitma, kisomo cha kumuombea maiti, mahali ambapo hasemi neno hata moja, kakaa tu ndani kwake anatazama sahani, mtu akapiga tena kelele, "Kyombo!" Kwenye khitma, jamani.

Mimi ndiye niliyerekodi sauti ya filamu ile. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango na nilisikia kila kitu.

Sasa naomba mjue ile sentensi ilipatikana vipi. Tulikwenda Pemba wakati wa kusi, kwa sababu ndipo mwenye kamera alipokuwa na nafasi na kamera ilikuwa ya kuazima. Anayeijua pwani ya Tumbe mpaka Micheweni wakati wa kusi anajua upepo ule. Maiki yetu haikuwa na kile kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, kinauzwa ghali na huku kukipata ni kazi. Shangazi yangu akachukua mdoli wa dubu wa mwanawe, akamchana, akanishonea kifuko kwa ngozi yake. Mtoto alilia siku nzima. Ndani nikatia sponji ya godoro. Hicho ndicho kilichoipa filamu nzima sauti.

Siku ile ilikuwa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Maji yakishapwa chombo kinakaa kwenye tope na hakiingii popote, kwa hiyo tulikuwa na kama saa mbili tu. Saa ya kwanza ikaliwa na boti za mashine zinazopita, kila tukianza tunasikia trrrrr. Kisha adhana ya alasiri, tukasimama, watu wakaenda kuswali. Waliporudi maji yalikuwa yameshaanza kukimbia. Nikashika fimbo ya maiki, miguu kwenye maji, mabega yanawaka moto. Bi Mkubwa akasema ile sentensi mara moja. Masikioni mwangu nilisikia upepo umetulia, mawimbi madogo yanagonga ubao, na sauti yake. Nikahisi nywele zinasimama. Muongozaji akaomba turudie kwa usalama. Akakataa. Alisema: "Nishauliza, mwanangu. Siulizi tena."

Bi Mkubwa si muigizaji. Analima mwani. Alikuwa na kaka yake mvuvi ambaye alikwenda bahari na hakurudi, hata kaburi lake halipo. Sisi hatukulijua hilo tulipomuomba aigize. Alikuja kutuambia usiku ule, tunakula wali kwa pweza, na akatuambia kama mtu anayeeleza habari za mvua.

Huyo ndiye mliyemcheka.

Na mlichomcheka nacho ni lugha yake. Maana hakuna kingine pale. Hakujikwaa, hakukosea, nguo zake zilikuwa nguo. Mlicheka kwa sababu alisema "kyombo" badala ya "chombo". Basi nielezeni ni nini kinachochekesha. Vijijini Pemba wanaitamka ki- ile ile mbele ya irabu kama walivyopokea kwa wazee wao: kyombo, kyakula, kyangu. Kiunguja kiligeuza ki- ikawa ch-, na kwa kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ndicho tulichosomeshwa skuli. Ingechaguliwa Kimvita cha Mombasa au Kipemba leo sisi wa mjini ndio tungekuwa tunachekwa. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, mama yangu ni wa Konde, Pemba, na nilipokuwa skuli nilijifunza mapema kutosema mbele ya wenzangu maneno ya nyumbani. Kwa hiyo kicheko kile nakijua. Nilikisikia nikiwa na miaka minane.

Na najua kinatoka wapi. Miaka yote, ukimuona Mpemba kwenye vichekesho vya video, basi ni muuza duka, kofia imemkaa upande, anabania chenji, na kazi ya lafudhi yake ni kuchekesha. Watu wamezoeshwa hivyo mpaka masikio yao yakisikia Kipemba yanasubiri mzaha. Lakini mtu mzima ana akili. Ukimuona mama anatafuta mwanawe kwenye chombo kitupu unaweza kuyaambia masikio yako yanyamaze.

Kuna dada mmoja baada ya onyesho, wakati wa maswali, alishika maiki akasema kwa heshima kabisa kwamba tungeweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha ili watu wafahamu. Maandishi ya Kiswahili, chini ya Kiswahili, Zanzibar. Sidhani alikuwa na nia mbaya, lakini watu walimpigia makofi, na makofi yale yaliniuma kuliko kicheko.

Wakumbusheni bibi zenu siku za sinema ya Majestic pale Vuga. Bibi yangu alikuwa akienda kutazama picha za Kihindi, buibui lake na kitambaa cha kufutia machozi kabisa, maana alikuwa anajua atalia. Kihindi hajui neno. Hakuna aliyemtafsiria. Alirudi nyumbani macho mekundu na akahadithia mambo yote, nani kamsaliti nani, mama yupi kapotelewa na mtoto, na mpaka anakufa alikuwa akiziimba nyimbo zile kwa maneno asiyoyajua maana. Mji huu ulilia kwa lugha ya ng'ambo ya bahari. Leo tumeshindwa kumsikiliza mama wa Micheweni anayesema Kiswahili?

Halafu bahari. Hapa ndipo ninapokosa usingizi hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka asubuhi ile, watu wamejaa pwani, watu wamesimama Maisara wanatazama nyuso za maiti mmoja mmoja. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama meli ya Skagit karibu na Chumbe. Mle ukumbini Jumamosi haiwezekani kukosa watu waliozika kwenye siku zile, au waliokosa hata wa kumzika. Swali la "mwanangu yu wapi" liliulizwa visiwa hivi, kwa sauti, na kina mama wa kweli, wengine kwa Kipemba hicho hicho. Nilimuona mzee mmoja katikati ya kicheko akasimama, akachukua mkongojo wake, akatoka. Nilimfuata nje. Hakusema kitu, alikaa barazani kwa muda, kisha akaniuliza kama daladala za Bububu bado zipo saa zile.

Sikatai kukosolewa, na nisemee hilo haraka ili tusipotezeane muda. Sauti ya sokoni ni mbaya, kosa langu. Tukio la usiku ni giza kwa sababu taa zetu zilikuwa mbili na moja ilikufa. Mwanzo unachelewa. Kijana aliyeigiza mdogo mtu anatazama kamera mara mbili. Filamu nzima tumeifanya kwa shilingi milioni 3 na laki 8, pamoja na tiketi za boti, chakula cha watu tisa kwa siku kumi na moja, na mafuta ya chombo. Aliyesema inaonekana ni ya bei rahisi amesema kweli. Aliyeilinganisha na tamthilia za Kikorea, haya, ana haki, kalipa elfu tatu zake. Semeni yote hayo na nitayaandika kwenye daftari, maana ndiyo yatakayonifunza kazi.

Ila klipu, hapana.

Kuna kijana kavaa jezi ya buluu, alikaa safu ya tatu kutoka nyuma. Alirekodi tukio lile kwa simu, sekunde 19, na kicheko cha ukumbi kimo ndani. Usiku ule ule ikawa kwenye stetasi za watu. Jumapili ikaja kwangu kutoka kwa watu saba tofauti, wengine hawajui hata kuwa nimo kwenye filamu. Jumatatu mtu kaiongezea sauti ya mbuzi na maandishi "Kyombo challenge" na vikatuni vya kulia kwa kucheka. Hatuna mwanasheria, na klipu iliyokwisha kuingia kwenye makundi hairudi.

Juzi Bi Mkubwa alinipigia. Mjukuu wake kaipata huko huko Pemba, akamuonyesha. Nilitarajia atanigombeza, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kwake na shangazi yangu, tukakaa kwenye mkeka wake, tukamuahidi kwamba itakuwa kazi ya heshima. Hakunigombeza. Aliuliza: "Nilikosea wapi, mwanangu? Mngelinambia tukarudia."

Nilimwambia hakukosea. Akasema, "Basi wanacheka nini?" Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya simsikii, nikakata simu. Nimemdanganya mtu mzima kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa. Kwa hiyo nakuulizeni nyinyi, mlicheka nini? Nataka kumpigia nimwambie.

Na kwa wale wanaoniandikia faragha kwamba "ndiyo watazamaji walivyo, msanii avumilie", mimi nimevumilia, sijajitokeza kulalamika kuhusu sauti yangu iliyotukanwa. Huyu mama hakuomba kuwa msanii. Sisi tulimuomba. Alichopata kwetu ni shilingi laki moja na nusu, na siku tatu za mwani wake zilizopotea. Hapaswi kuvumilia chochote kutoka kwa mtu aliyekaa kwenye kiti anakula njugu.

Tumekubaliana na wenzangu, filamu haionyeshwi tena mjini kwa sasa. Tutaipeleka Micheweni kwanza, kwenye ukuta wa skuli, shuka nyeupe na projekta ya kuazima, bure, baada ya isha. Yeye atakaa mbele. Baada ya hapo muongozaji ataamua. Maandishi ya Kiswahili hatutaweka.

Wewe wa jezi ya buluu, najua uko humu, maana picha uliyoweka kwenye wasifu wako ni jezi ile ile. Sitakutaja. Ifute kwenye kurasa zako, kisha uwaombe uliowatumia waifute. Najua hazitafutika zote. Anza na zako.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Ahsanteni mliojibu kwa maneno mazuri, hasa aliyesema mama yake alilia pale pale. Mwambie nimemshukuru. Aliyesema nawachukia watu wa mjini, mimi ni wa mjini, soma tena. Aliyeuliza kama Bi Mkubwa alikubali kwa maandishi, ndiyo, alitia dole gumba na mjukuu wake akashuhudia, lakini alikubali filamu, hakukubali mbuzi.

Moderata, kwenye ukurasa wa pili kuna mtu kaiweka tena ile klipu. Tafadhali iondoeni kabla Bi Mkubwa hajaamka kwa swala ya alfajiri, kwa sababu mjukuu wake anapita humu.